Mtunza Stoo na Jirani wa Ng'ambo ya Mto

Saa mbili asubuhi, mtunza stoo ya dawa anafungua jokofu, anahesabu chupa za insulini kwa kidole, anafunga, kisha anafungua tena. Ni zilezile kumi na tisa. Alhamisi wanakuja wagonjwa wa sukari arobaini na mmoja.

Daraja limesombwa na mafuriko tangu Jumamosi. Lori la bohari kuu limegeuzia njiani, na bosi wake ameshamwambia asubiri.

"Nisubiri nini? Daraja lijijenge?" ananiuliza, huku akivaa miwani atafute namba kwenye simu.

Ana miaka hamsini na tisa. Wauguzi wamembandika jina la Mama Akiba, wala si kwa kumsifu. Wakipita mlangoni humchungulia, wakamtania kidogo, wakaenda zao.

Zamani hakuwa hivi. Miaka tisa iliyopita alikuwa akiagiza kila kitu kwa muuzaji mmoja, maana bei ilikuwa nzuri na makaratasi machache. Meli ikachelewa wiki tano. Insulini ikaisha, na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma akafariki.

"Ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Nilienda msibani nikakaa na mkewe, nikashindwa kumtazama usoni," anasema. "Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu."

Tangu hapo ana daftari lenye safu mbili: dawa inatoka wapi, na njia hiyo ikifa itatoka wapi. Safu ya pili imejaa namba za watunza stoo wenzake, aliowapigia mmoja mmoja kuwaomba. Wengine walimcheka. Wa kwanza kukubali ni wa hospitali ya ng'ambo ya mto.

Makubaliano yao ni mepesi. Kila mmoja anamtengea mwenzake fungu lililoandikwa "Jirani", na haligusi hata stoo yake ikibaki tupu. Kila Ijumaa wanasomeana hesabu kwa simu. Miaka tisa sasa, na hawajawahi kuonana.

"Najua kikohozi chake. Najua redio yake inakwaruza. Basi," anasema, akicheka kidogo.

Mumewe alishatangulia mbele ya haki. Binti yake anafanya kazi nchi ya mbali, hupiga simu Jumapili mtandao ukikubali. Jikoni kuna sahani moja juu ya meza, na redio huwashwa ili nyumba iwe na sauti.

"Kuna siku nafika kitandani nakumbuka sijaongea na mtu ila habari za maboksi. Upweke unaniuma, nitakudanganya nini?"

Ng'ambo ya mto, simu inapokelewa.

"Fungu lako lipo, dada. Chupa sitini. Ila mimi dripu zimenikaukia."

"Zako zipo, katoni nane. Njoo ukingoni saa sita."

Dereva wa hospitali angeweza kwenda peke yake, lakini mama huyu amepanda naye. Mwenye mtumbwi anapakia katoni huku akinung'unika kuhusu uzito. Upande wa pili, mwanamume mfupi aliyevaa koti la mvua la njano anainua mkono. Mto unanguruma, hakuna kusikilizana. Simu inaita.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Kumbe mfupi hivyo! Sauti yako ya mtu mrefu."

"Na wewe mbona mwembamba hivyo? Unakula kweli, dada?"

Ni muda mrefu hajaulizwa hivyo.

"Lete insulini, barafu inayeyuka," anasema.

Mtumbwi unaenda, unarudi na boksi la barafu. Anahesabu chupa palepale, sitini kamili. Anapoinua uso, koti la njano limeshapotea nyuma ya miti.

Anastaafu mwisho wa mwaka. Insulini ikishatulia jokofuni, anafungua daftari na kunionyesha ukurasa wa mwisho.

"Daraja likirudi nitavuka, na sifuati dawa. Nataka nikamjibu lile swali lake la kama nakula, nimekaa."

Ameandika: chai, vikombe viwili. Kwenye safu ya kwanza: ng'ambo ya mto. Safu ya pili ameiacha wazi.

"Hiki," anasema akifunga daftari, "sina pengine pa kukipata."