Unga Ulioanguka Kutoka Darini

Nilisoma mpaka darasa la pili tu, kwa hiyo mkiona neno limekaa vibaya mlipite. Jambo hili nimekaa nalo peke yangu kwa sababu ya aibu, ingawa tuliolishuhudia tulikuwa watatu.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, mvi zikiwa zimeshanijaa. Nilikuwa natoka kwangu Bwera kila Jumatatu, nafanya usafi Kasese mjini, huku kwetu Uganda, kwa familia moja ya Kenya, narudi Jumamosi. Baba wa nyumba alikuwa fundi mkubwa kwenye kiwanda cha saruji. Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya wakubwa wa mgodi wakati wa shaba. Baba yangu alichimba shaba ile mpaka mapafu yakamchoka, na hakuwahi kuingia nyumba kama ile hata kwa mlango wa jikoni. Mimi niliingia, nikapangusa. Haya, tuyaache.

Kasese ni joto. Pita Muhokya saa nane mchana, utaniambia. Basi nyumba ile ilikuwa na mashine moja ya baridi huko nyuma, inapuliza hewa kwenye dari, na kila chumba kina tundu juu lenye kifuniko cha chuma, chenye mianya kama mashavu ya samaki ngege. Mianya hiyo inashika vumbi, na vumbi la kwetu lina saruji ndani yake, likikutana na moshi wa kukaanga linakuwa kama lami. Kila mwisho wa mwezi nilipanda ngazi, nikafungua skurubu nne nne, nikavishusha, nikaviosha, nikavianika, nikavirudisha. Kazi ya shingo, ile.

Getini kulikuwa na mlinzi, mwanajeshi mstaafu wa kutoka kaskazini, tulimwita afande. Sikumwamini tangu siku ya kwanza. Kila nikishuka ngazi ananiuliza, "Mzee, unapumzika lini?" Mtu anauliza hivyo kwa nini? Nilijua ana shemeji yake hana kazi. Tena nilimkuta mara mbili amesimama chini ya vifuniko vyangu vilivyoanikwa, anavitazama. Mke wangu husema mimi hata nikinunua kuku namuuliza muuzaji kwa nini anamuuza. Kweli, ndivyo nilivyo. Lakini na kuku wagonjwa wapo.

Mwezi huo umeme ulikatika siku mbili, maji nayo yakawa ya kudondoka. Nikatumia siku hizo kuosha vifuniko vyote. Vilitakata! Nikavirudisha, na mashine bado imelala.

Umeme ukarudi saa tano asubuhi. Mashine ikanguruma, na hapohapo nikasikia mama wa nyumba anaita, "Mzee! Kuja hapa. Haraka!"

Alikuwa ametandika shuka nyeusi, mpya. Juu yake, palepale upande wa mto wa mumewe, kulikuwa na unga. Mweupe wa kijivujivu, umeanguka kwa mistari, kama mtu ameunyunyiza kwa vidole.

"Hii ni nini?"

"Vumbi, Mama."

"Vumbi? Si juzi umeosha? Wewe ndiye hupanda huko juu, hakuna mwingine."

Afande alishafika mlangoni, kofia mkononi. Mama akanitazama, akautazama unga, akarudi kwangu.

"Kama ni vumbi, lamba."

Hapo sasa. Wanaokaa mbali na kwetu hawawezi kujua unga kwenye kitanda cha mtu unamaanisha nini. Nikitoka nyumba ile na jina la mtu wa sumu, hakuna atakayenipa kazi tena Kasese, na Bwera hata kanisani watahama benchi. Nilihitaji kulamba tu, nimalize. Lakini moyo ukaniambia: ni huyu. Ni afande ameweka, ili shemeji yake apate ngazi yangu. Nikilamba, nakufa.

"Siwezi, Mama."

"Huwezi!" Akarudi nyuma mpaka ukutani. "Afande, umesikia? Amekataa!"

"Mzee, simama hapo. Usiguse kitu," afande akasema. Nikajua ananifunga.

Akaenda kitandani. Akainama, akanusa, akachovya kidole, akakitia mdomoni. Mama akapiga kelele. Afande akatafuna kidogo, macho juu kama anayepima mchuzi.

"Iko chumvi," akasema. "Ile ya ziwa la Katwe. Jeshini tulikula hii mwaka mzima, na mchanga wake."

Hapo nikakumbuka. Kwetu masufuria yaliyoshika mafuta tunayasugua kwa chumvi ya mawe na ndimu. Mke wangu alinifungia kwenye mfuko, nikasugua vifuniko vyote kwa hiyo. Na maji yakanipungukia, sikusuuza. Ikakaukia mianyani, ikangoja upepo.

Nikasema yote. Mama akakaa kwenye kiti.

"Chumvi yako mwenyewe, Mzee. Sasa ulikataa nini?"

Ningeweza kudanganya. "Nilidhani afande ameweka sumu."

"Mimi?" Afande akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mimi nakuuliza unapumzika lini kwa sababu magoti yako inalia kwenye ngazi! Naisikia toka geti!"

Nilihesabu mianya ya kifuniko, ilikuwa kumi na miwili. Mwisho Mama akasema, "Chumvi naweza kusamehe. Hiyo nyingine si yangu kusamehe. Afande, huyu abaki ama aende?"

"Abaki, Mama. Lakini ngazi nitashika mimi."

Nikavishusha vyote tena, nikavisuuza, yeye ameshika ngazi. Tulipomaliza akaniletea chai kwenye kikombe cha bati. Kwetu Bwera anayekupa kinywaji anaonja kwanza, ndiyo adabu. Kwao labda sivyo. Nikakishika, nikangoja. Najua nilikuwa nangoja nini, sisingizii adabu. Afande akanitazama, akachukua kikombe mkononi mwangu, akanywa nusu nzima, akanirudishia.

Nikanywa. Ilikuwa imeshapoa.