Siku Tulipoangalia Dari Wote

Kisa hiki nusu nilikuwepo, nusu nilisimuliwa na Daktari Rabenja mwenyewe mwaka jana, siku za kuvuna mpunga, amekaa jikoni kwangu anapuliza muhogo wa moto.

Na ile nusu niliyokuwepo sikuiona vizuri.

Nilikuwa naangalia dari.

Si mimi peke yangu, jamani. Babu Ratsimba, mkubwa wa kijiji chetu, alikuwa anaangalia dari. Jirani yangu Bakoly, dari. Daktari wa chuo kikuu, mtu mzima na miwani yake, dari.

Na huku chini, juu ya mkeka wangu mpya, msafara unapita.

Aliyekuwa anaangalia chini ni mmoja tu, mjukuu wangu Voahangy. Naye alikuwa analia.

Ngoja nianze mwanzo.

Kijiji chetu kinaitwa Ambohitrandraka, maana yake Kilima cha Trandraka. Trandraka ni kinyama kama kalunguyeye. Ana miiba, pua ndefu, mkia hana. Na nyama yake... tuyaache hayo. Nimeapa.

Voahangy anasoma mambo ya wanyama chuo kikuu, kule mji mkuu. Mwaka wa kwanza wafadhili walimlipia. Mwaka wa pili wakamwongezea ruzuku ya utafiti, akachagua kuwachunguza trandraka wa kilima chetu.

Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, kuna watu wanalipa ili wewe umtazame trandraka?"

"Ndiyo, Bibi."

"Umtazame tu?"

"Nimtazame tu."

"Mimi nimewatazama miaka sitini kwenye sufuria. Mbona hawajanilipa?"

Akacheka mpaka akakaa chini.

Kazi ikaenda vizuri. Akampata jike mmoja mnene, akampaka rangi ya kucha nyekundu mgongoni ili amjue, akampa jina Madamu. Madamu akazaa. Voahangy akahesabu watoto, akarudia kuhesabu, akawaambia wafadhili: ishirini na wanne.

Wafadhili wakasema weee!

Mama mmoja, uzazi mmoja, ishirini na wanne? Ni mnyama huyo au ni shule ya msingi? Wakaona msichana anawaletea hadithi za kijijini. Wakasema, tunamtuma mtu wetu akahesabu mwenyewe. Akiwakuta ishirini na wanne, masomo yanaendelea. Asipowakuta, basi. Arudi nyumbani akauze maandazi na bibi yake.

Hayo maandazi ni yangu. Hayana shida. Lakini yule mtoto hakuzaliwa kuuza maandazi. Hata kuyageuza hajui, yote anayaunguza.

Sasa hapa sikilizeni, maana hapa ndipo kijiji kizima kilipojikwaa.

Kabla ya hayo, Voahangy alikwenda kwa Babu Ratsimba akamwomba ulinzi, maana vijana wetu na mbwa wao wangemmaliza Madamu kabla hajanyonyesha. Babu akasimama upande wa mashariki, akamwaga pombe ya miwa kidogo chini, akawaambia wahenga na sisi tuliokuwepo:

"Trandraka wa kilima hiki asiliwe mpaka Voahangy amalize masomo. Ni mwiko."

Basi. Maneno yake yaliishia hapo. Voahangy akashukuru, akarudi mjini.

Lakini mwiko kwetu ni kama mchuzi. Kila anayepita anaongeza chumvi.

Kisimani Bakoly na wenzake wakasema, asiliwe wala asionyeshwe kwa kidole, kama makaburi. Sokoni wakasema, wala asitajwe jina. Tukaanza kuwaita Wale Wenyewe. "Leo nimepishana na Wale Wenyewe." "Wako wengi?" "Shh!"

Mvua za kwanza zilipofika, mwiko ulikuwa umenenepa kuliko Madamu. Asiliwe, asionyeshwe, asitajwe, na mgeni akiwepo, asitazamwe kabisa.

Ndipo mgeni akaja, Voahangy akimwongoza njia.

Daktari Rabenja alifika asubuhi, viatu vyake vinang'aa, vya ngozi, vya mtu wa mjini. Babu Ratsimba akampokea uwanjani kwa hotuba ndefu. Alipomaliza, Daktari akauliza kwa upole:

"Basi wazee wangu, hao trandraka wako wapi?"

Tukatazamana.

"Trandraka?" Babu akajikuna kidevu. "Trandraka ndiyo nini, baba?"

"Mnyama. Wa miiba."

"Miiba tunayo kwenye mananasi."

Voahangy akageuka. "Babu!"

Daktari akasema, "Lakini mzee, kijiji chenu kinaitwa Kilima cha Trandraka."

"Majina tu hayo. Kule bondeni kuna kijiji kinaitwa Penye Mamba, na mimi sijaona mamba tangu nizaliwe."

Bakoly akadakia, "Mimi nimeona! Mamba, lakini. Siyo hao wengine. Hao wengine hapana kabisa."

Mjukuu wangu alinitazama kwa macho ya mtu aliyesukumwa kisimani na ndugu zake. "Bibi, sema wewe."

Nikasema, "Karibuni uji."

Ningesema nini? Wahenga wanasikia.

Sasa jambo la ajabu: Daktari hakukasirika. Nilimwona akipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Kama hawapo," akasema haraka haraka, "basi hawapo. Tunywe uji."

"Wapo!" Voahangy akamshika mkono. "Twende kilimani, shimo lao nalijua."

Wakapanda. Mimi nikafuata nyuma na mwavuli, maana mvua ilikwishaanza. Daktari alikuwa ameshusha kofia mpaka puani, anapapasa njia kama anayetafuta swichi gizani.

"Daktari, mbona umefumba macho?" Voahangy akamuuliza.

"Jua kali."

"Daktari, mvua inanyesha."

"Basi ni mvua."

Kufika shimoni, shimo limejaa maji. Madamu hayupo, mtoto hata mmoja hayupo.

Voahangy akachuchumaa pale kwenye matope. Daktari akamgusa bega, akamwambia, "Pole, binti yangu. Lakini siwezi kwenda kuwaambia wafadhili nisichokikuta."

Tukarudi kwangu, tumelowa chapachapa. Nikapika siku ile kama kwenye msiba: wali, kisamvu na nyama ya nguruwe, na maji ya ukoko ya kushushia. Daktari akavua viatu vyake mlangoni, nikamkalisha pembe ya mashariki ya nyumba, pembe ya heshima, pale penye kapu kubwa la mpunga. Magoti yake yalikuwa yanamuuma kwa kupanda, akaomba ruhusa.

"Nyosha tu miguu, baba," nikamwambia. "Hapa kwako."

Akanyosha. Miguu mirefu, mitupu, imekatiza mkeka wote.

Babu Ratsimba na Bakoly walikuwepo pia. Kwangu kukipikwa nguruwe, hao hawahitaji kualikwa.

Tukawa tunakula. Voahangy hakugusa kijiko.

Mara mlangoni, kwaru, kwaru, kwaru.

Nikageuka. Pua ndefu. Kisha mgongo wenye rangi nyekundu.

Madamu!

Nikainua macho juu kama niliyeitwa na malaika. Dari langu jeusi kwa moshi, sikuwahi kuliona zuri vile. Babu Ratsimba naye juu, mdomo wazi, wali ndani. Bakoly juu.

"Ndiye huyo!" Voahangy akapiga ukelele. "Daktari, tazama! Na watoto wote nyuma yake! Tazama!"

Nikamchungulia Daktari kwa pembe ya jicho nione atafanyaje.

Daktari anaangalia dari.

Shingo imekakamaa, miwani imeelekea juu, jasho linamtoka.

"Daktari, chini! Chini!"

"Nyumba nzuri sana hii," Daktari akasema. Sauti yake imekuwa ya mtoto. "Mbao gani hizi, Bibi?"

"Mkaratusi, baba."

"Mkaratusi! Ahaa. Mzuri sana mkaratusi."

"Daktari, nakuomba, wanapita!" Machozi yakaanza kumtoka mtoto wa watu. "Bibi! Babu! Kuna nini huko juu? Mmerogwa?"

Tukawasikia wakipita, vijiguu tiki tiki tiki juu ya mkeka. Wakapita, wakapita, wakapita. Shingo ilianza kuniuma. Mara Daktari akashtuka, hiiii! Akatulia. Akashtuka tena, hiiii! Kama mtu anayechomwa sindano za kliniki, moja baada ya nyingine. Lakini miguu hakuivuta.

Mwisho kukawa kimya. Walikuwa wameingia tundu la ukutani, nyuma ya kapu la mpunga. Kumbe Madamu alishahamia kwangu siku nyingi.

Tukashusha vichwa, tukaendelea kula.

Voahangy akafuta uso kwa kanga. "Basi. Nimekwisha. Bibi, kesho nifundishe kugeuza maandazi."

Hapo moyo wangu ukakatika vipande.

Daktari akatua kijiko. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ishirini na watatu," akasema.

"Nini?"

"Na mama yao. Mama mzito, huyo nilimjua. Halafu watoto ishirini na watatu."

"Daktari, ulikuwa unaangalia dari!"

"Macho yalikuwa darini," Daktari akasema. "Miguu ilikuwa mkekani."

Bakoly akapaliwa na wali.

Basi akatueleza. Ukoo wao, zamani za vita, babu yao mmoja alijificha shimoni, na trandraka akaja akaziba mdomo wa shimo kwa udongo. Maadui wakapita juu wasimwone. Tangu hapo watu wa ukoo ule waliapa: trandraka hawamli, hawamshiki, hawamtazami.

"Na wewe ukakubali kutumwa huku?" Babu akamuuliza.

"Mzee, mimi ni mtu wa vipepeo. Ningewaambiaje wenzangu mjini? Kwamba Daktari mzima anaogopa mwiko wa bibi yake? Wangenicheka mpaka nistaafu. Nilikuja njia nzima nikiomba nisiwakute. Mliponiambia hawapo, nusura niwakumbatie."

"Lakini wamekugusa."

"Wao ndio wamenigusa. Mimi sikuwagusa. Mimi nilikuwa nasifia mkaratusi."

Babu Ratsimba akatafakari, akakubali. Kisheria iko sawa.

Kisha Babu akakunja uso. "Huyu amekatazwa na ukoo wake. Na sisi je? Nani alisema wasitazamwe? Mimi nilisema wasiliwe tu."

Wote tukamtazama Bakoly.

Bakoly akaangalia dari.

Lakini Voahangy alikuwa hacheki. "Ishirini na wanne, Daktari. Mimi nimewahesabu leo kwa macho... hapana, leo machozi yalinizuia. Lakini ni ishirini na wanne."

"Binti yangu, vidole vyangu vimepata ishirini na watatu. Nilisema siwapelekei wafadhili nisichokikuta. Uliwaambia ishirini na wanne, watasema ulikosea hesabu. Na kwa mtu wa sayansi, kukosea hesabu..."

Hakumalizia. Hata yeye alikuwa na huruma, uso ulionyesha. Akasimama, akashukuru kwa chakula, akaenda mlangoni avae viatu, aondoke kabla barabara haijawa mto.

Akavaa cha kulia. Akaingiza mguu wa kushoto.

"UWIIIIII!"

Akaruka kwa mguu mmoja mpaka uwanjani kwenye mvua, miwani huku, kofia kule, anazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na anapiga kelele kijiji kizima kinamsikia:

"ISHIRINI NA WANNE! ISHIRINI NA WANNE! NIMEMPATA! ISHIRINI NA WANNE!"

Voahangy akadaka kiatu, akachungulia. Ndani, kwenye ncha kabisa, katoto kadogo kenye michirizi ya njano, miiba imesimama kwa hasira.

Mjukuu wangu alicheka na kulia pamoja, sijui kipi kilianza. Akaenda kumkumbatia Daktari kulekule matopeni. Babu Ratsimba akaniambia niongeze wali.

Wenzangu mnaonisoma, niwaachie neno moja. Mtu akikuwekea mwiko, shika ule aliousema, chumvi yako baki nayo jikoni. Nusura tumnyime mtoto wetu masomo kwa heshima tusizoagizwa. Na wewe uliyetumwa kwenda kuhakikisha jambo usilotaka kuliona, basi walau usiivute miguu.

Daktari hakuondoka siku ile. Kiatu kimoja hakimfikishi mtu mjini. Voahangy, ambaye mwiko haumhusu, alitaka kukatoa kale katoto, Daktari akakataa. "Mwache. Nje kumelowa, na kiatuni kuna joto."

Tukakiweka kiatu kando ya kapu la mpunga, karibu na tundu la mama yake. Babu Ratsimba akarudi kwake, Bakoly akarudi kwake na sahani ya nguruwe aliyoificha chini ya shuka. Voahangy akasinzia palepale alipokaa, mkono bado ndani ya sahani. Daktari akalala pembe ya heshima, miguu mitupu, anakoroma kama mashine ya kukoboa mpunga.

Nikapuliza taa, nami nikajilaza. Kiatuni, kwaru, kwaru kidogo. Anageuka. Anatafuta pahala pazuri.

Kisha akapiga mwayo, naapa nimeusikia, akajikunja, akalala.