Leso ya Manjano

Juzi hapa Malaba nilimwona mama amebeba mtoto kwa leso ya maua ya manjano, nikaikumbuka televisheni yetu ya kwanza.

Tulivuka kuinunua upande wa Uganda, ambako bei ilikuwa nafuu. Duka lilinuka maboksi mapya na mafuta ya taa.

"Nyabo, chukua hii kubwa, nakupunguzia," muuzaji alimbembeleza mama.

Mama hata hakutazama picha. Aliziinua televisheni moja moja, akazikumbatia kifuani, akazirudisha. Nilidhani televisheni nzuri hujulikana kwa uzito, kama mkungu wa ndizi. Mwishowe akakaa sana na ile ndogo kabisa. "Ni hii," akasema, na yeye aliyebishania hata bei ya chumvi akalipa kimya.

Nyuma ya duka aliifunga mgongoni kwa leso ya manjano aliyokuwa akimbebea Nafula, mdogo wangu tuliyemzika mvua zilipoanza. Akaifunika gubigubi, tusitozwe ushuru.

Mpakani askari akauliza, "Mama, huyo mtoto ako na miezi ngapi?"

"Saba. Jumapili anafikisha nane," mama akajibu, huku akiipigapiga taratibu. Nikauma midomo nisicheke. Kumbe mama alijua kuigiza hivi!

Nyumbani baba alikuwa ameshasimamisha antena, betri ya gari iko tayari. "Haya, ishushe tuwashe."

Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, mzigo ungali mgongoni.

"Ngoja kwanza," akanong'ona. "Amelala."

Hapo nikaangua kicheko. Nilicheka peke yangu.