Ukirudi, Ming'oko Ipo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, napanda mlima kutoka kisimani na ndoo ya maji kichwani, na wanawake wa kijiji chetu cha Makote wananicheka mpaka maji yao yanamwagika. "Bwana Issa, leo umesahau kujifunga kanga!" aliita mmoja. Mwenzake akadakia, "Mwacheni, mwaka huu tunampeleka unyagoni akachezwe na wasichana!" Nilicheka nao, ingawa shingo ilikuwa inawaka moto.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na malori yao, kila mmoja akizitaka korosho zetu. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mimi, mtoto wa kwanza, niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wapate kula. Tumaini letu lote lilikuwa kwa Somoe, mdogo wangu anayenifuata, aliyekuwa kidato cha nne pale Newala, akienda na kurudi nyumbani kila siku. Mtihani wake ulikuja katikati ya msimu wa korosho.

Nikaamua Somoe asiguse kazi. Asichote maji, asiokote korosho, asikae na wenzake kusukana nywele. Asome tu, ndiyo maana ndoo ikahamia kichwani kwangu. Kila jioni nilimpelekea chakula na maneno yale yale: "Usisahau, mdogo wangu, sote tunakutegemea wewe." Nilidhani namtia nguvu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliona wepesi kumtwisha, sikuona anavyoinama.

Somoe akaanza kuumwa tumbo. Usingizi ukampaa. Mambo aliyoyajua tangu kidato cha pili yakampotea. Mtihani ulipokaribia kabisa, akaniambia, "Kaka, mimi siendi."

"Huendi wapi?"

"Kwenye mtihani. Nikifungua daftari sioni maandishi, naona sura yako."

Mwanangu, niliinuka hapo hapo. Nikaenda kwa Mama Hadija, dada mkubwa wa marehemu mama yetu, nikamkuta uani anageuza korosho juani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanisikiliza bila kuacha kugeuza.

"Issa, korosho zikitoka shambani unazifunga guniani siku hiyo hiyo?"

"Hapana, mama. Zitaoza."

"Unazifanyaje?"

"Naanika kwanza."

"Sasa mbona mdogo wako umemfunga mbichi?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Mrudishie ndoo yake, apigwe na jua kidogo. Na hayo maneno yako ya jioni, yameze pamoja na ugali."

Kesho yake nilimpa Somoe ndoo. Aliipokea kama mtu aliyepewa nguo ya Idi. Niliwasikia yeye na wenzake wakirudi kutoka kisimani kabla sijawaona, vicheko vinapanda mlima mbele yao. Jioni alisoma kidogo, akalala fofofo. Wale wanawake wakanipa pole: "Bwana Issa, umefukuzwa kazi?"

Asubuhi ya mtihani nilibandika ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na ulimi ukaniwasha kusema yale yale. Nikajikaza. "Nenda salama," nikamwambia. "Ukirudi, ming'oko ipo. Ukiandika vizuri ipo, ukiharibu ipo."

Akanitazama, akacheka, akaenda. Alirudi na njaa, akala sahani mbili, tumbo kimya. Leo ni mwalimu huko Chiwata, na nasikia mwanafunzi wake akikwepa mchezo wa jioni kwa kisingizio cha kusoma, humtoa darasani kwa mkono wake mwenyewe.

Basi wewe unayesoma, nisikilize. Kichwa kikiuma na ulichokijua kikikukimbia, usijiite mjinga wala usidhani umerogwa. Umechoka, na mchovu hupumzishwa. Soma, kisha funga daftari, uchote maji, ucheze, ulale. Na kama kuna anayekutwisha zaidi ya unachoweza kubeba, mwambie mapema kama Somoe alivyoniambia. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi wakubwa nasi tujue kwamba mtoto hawi na akili zaidi kwa kuogopa kurudi nyumbani.

Mungu akupe kichwa chepesi na usingizi mzito, mwanangu. Na kila utokapo mtihanini, umkute mtu mlangoni aliyekuwekea ming'oko, asiyekuuliza chochote mpaka ushibe.