Hadithi za Mchana

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kisesa kutusaidia kulea, na alikuja na sheria yake: hadithi hazisimuliwi mchana. Ukisimulia jua likiwa juu, alisema, ng'ombe wanapotea.

"Ng'ombe gani, mama?" nilimuuliza. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule pale Igogo, hata kuku hatukuwa naye. Hakucheka.

Sasa mimi nisimulie saa ngapi? Ilikuwa ile miaka ya tisini, viwanda vya serikali vinauzwa, watu wanapunguzwa kazi. Mume wangu alipunguzwa kwenye kiwanda cha nguo, mimi nikapata kibarua kiwanda cha samaki, zamu ya usiku. Usiku kucha nasimama kwenye maji ya barafu nakata minofu ya sangara iende Ulaya, asubuhi narudi na mapanki, vile vichwa na mifupa waliyotubakizia sisi wenye ziwa. Wanangu walikuwa wawili: wa kike miaka sita, wa kiume minne. Wao wakienda kulala, mimi naenda kazini. Mchana ndio ulikuwa wetu, basi.

Na hadithi nilikuwa nazo! Pale mezani tulikuwa wanawake wa kila kabila, Wajita, Wakerewe, Wajaluo, mimi Mhaya, na tulisimuliana ili usingizi usije ukatukatisha vidole. Nikisikia tamu naishika kichwani njia nzima. Nikifika, binti yangu anapokea mfuko wa mapanki, anakunja pua, halafu anauliza, "Na hadithi?" Nilipenda kuulizwa vile kuliko nilivyopenda mshahara.

Tukianza, mama mkwe anabeba kigoda chake anatoka nje. "Ninyi Wahaya mnajua kila kitu," anasema. "Haya. Tutaona."

Tukaona. Mume wangu alichoka kukaa nyumbani, akaaga anakwenda machimbo ya dhahabu Geita, atarudi na bati za kuezekea kibanda tulichoanza kujenga Buswelu. Pasaka ikapita, Krismasi ikapita. Kisha asubuhi moja akaja jirani yetu aliyekuwa anapeleka dagaa kule machimboni. Alituambia sisi wawili, mimi na mama mkwe, watoto wakiwa nje wanacheza: mume wangu ni mzima kabisa, amenenepa, anaishi na mama ntilie mmoja na huyo mama ni mjamzito. Mama mkwe alisikia kila neno. Aliguna, akaendelea kuchambua mchele.

Jioni watoto waliuliza baba anarudi lini. Kabla sijafungua mdomo, bibi yao akajibu, "Baba yenu amepotea. Muulizeni mama yenu. Nilimkataza, hakusikia."

Loo! Nikamvuta uani. "Mama, si ulisikia mwenyewe? Mwanao ana mke mwingine."

"Nilisikia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mimi si mzazi?"

"Basi nenda ukawaambie," akasema, akarudi ndani.

Alijua siendi. Alinijua yule mama kuliko mwanawe alivyonijua. Ningewaambia nini? Kwamba baba yao yuko ng'ambo tu ya maji, unavuka kwa kivuko unafika, na amechagua nyumba nyingine? Baba aliyepotea mtoto anamwombea akilala. Aliyemwacha, mtoto anajiuliza yeye alikosa nini. Nikameza. Nilimchukia mama mkwe kwa hilo na mpaka leo sijamsamehe, ingawa amekwisha kuzikwa na mimi nililia msibani pamoja na wengine.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini, nikakaa, nikaanza, "Hadithi, hadithi!" Binti yangu aliniziba mdomo kwa kiganja. "Mama, nyamaza. Utampoteza na bibi." Mdogo wake alikuwa ameshamkimbilia bibi na kujifunika khanga yake.

Miezi ikapita hivyo, tunakula na kunyamaza. Kazini nikawa nawaambia wenzangu leo kichwa kinaniuma, wasimulie bila mimi. Halafu kiwanda kikanihamishia zamu ya mchana. Nikafurahi kama mjinga. Jua likishazama, nikasema, nani tena atanilaumu? Siku ya kwanza nilioga, nikapika, tukala, nikatandika mkeka. Mama mkwe akakaa kwenye kigoda chake, safari hii hakutoka.

"Leo nasimulia mimi," binti yangu akasema.

"Haya mama, tusimulie."

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo!" tukaitikia wote.

"Zamani palikuwa na mama mmoja ananuka samaki. Alikuwa na watoto wawili na baba. Mama akasimulia mchana, baba akapotea porini. Watoto wakaita, baba, baba! Baba anasikia lakini njia haioni. Basi yule mama akajikata ulimi, akautupa ziwani. Baba akaiona njia, akarudi nyumbani, wakakaa raha mustarehe."

Mdogo wake alipiga makofi. Mama mkwe akasema, "Huyu mtoto anajua."

Binti yangu hakuwatazama. Alinitazama mimi, macho makavu, anasubiri.

"Nzuri, mama?"

Nikamwambia ni nzuri sana.