Mrututu Uliopoteza Maji

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini ambayo mpaka leo sijaisahau. Nilikuwa kijana, mtunza maabara katika shule moja ya sekondari hapa Garsen. Mvua kubwa zilikuwa zimepita, stoo imevuja, na mrututu wetu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, ulikuwa umelowa. Nikaukausha kwenye sufuria juu ya makaa mpaka ukawa mweupe kama unga. Nikajiona fundi.

Jirani yangu Mzee Guyo, mfugaji, kondoo wake walikuwa wakioza kwato kwa matope. Akaja kuomba dawa ya kuwaoshea. Nikampimia gramu mia tano za kutia kwenye lita kumi za maji, kama kitabu kilivyosema.

"Mbona hii nyeupe?" akauliza.

"Ni ile ile, mzee. Nimeisafisha tu," nikamjibu, nikacheka kidogo. Kicheko hicho ndicho kinachoniuma kuliko yote.

Kesho yake nikawa naosha chupa, na chumba cha pili mwalimu anafundisha kidato cha nne. "Moli moja ya chumvi yenyewe ni gramu 159.5," akasema. "Lakini mrututu wa buluu umebeba na maji, moli tano. Tano mara kumi na nane, tisini. Jumla 249.5. Zaidi ya thuluthi ya uzito wake ni maji!"

Chupa ikaniponyoka. Maji yale mimi nilikuwa nimeyachoma yote. Kitabu kilimaanisha mrututu wa buluu. Wangu mkavu, gramu mia tatu na ishirini zingetosha. Nilikuwa nimempa mzee dawa kali mara moja na nusu.

Nikakimbia. Je, kondoo wakiungua? Je, wakiinywa wafe? Mimi mtoto wa wakulima wa Ndera, yeye mfugaji, na siku zile wakulima na wafugaji walikuwa wakitazamana kwa jicho baya. Nani angeamini kwamba ni hesabu tu? Niliogopa, mwanangu, lakini sikusimama.

Nilimkuta ameketi, mguu mmoja ndani ya karai la maji safi, mwekundu hadi kifundoni. Kondoo walikuwa zizini, wazima.

"Mimi nilianza na mguu yangu," akasema. "Mnyama haiwezi kusema dawa inachoma."

Nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hesabu ulikosa, sawa. Lakini mimi nilikuuliza mbona nyeupe. Ungesema umeipika, mimi ningengoja uhakikishe kwanza."

Siku tisa nilikwenda kumwosha mguu ule, naye hakulitaja tena jambo hilo.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujapima kitu, jua ndani ya uzito ule mna nini, na nini kimeshaondoka. Mtu akikuuliza swali, hata kama hajakanyaga darasa, usimcheke. Mwambie ukweli wote, na usipojua sema hujui. Ukigundua umekosea, kimbia ukaseme mwenyewe kabla mwingine hajaumia. Mungu akuongoze, na kila atakayepokea kitu mkononi mwako akipokee kwa amani.