Chungu cha Konzi

Kukaanga bisi za mchele ni kazi ya watu wawili, na atakayekwambia vingine huyo hajawahi kuungua. Mmoja anapasha moto mchele uliotiwa chumvi. Mwingine anaumimina kwenye chungu cha mchanga uliokolea moto, anautikisa, na kufumba na kufumbua mchele umeumuka wote. Ukizubaa kidogo tu, umekaanga makaa. Tangu mama mkwe wake afariki, Morjina aliifanya kazi hiyo peke yake, na mikono yake ilikuwa na mabaka ya moto mpaka viwikoni.

Pale kijijini Nolbari bisi zake zilikuwa na jina. Hakuzitia mbolea ili ziwe nyeupe kama za kiwandani. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na ni nani Nolbari anayefuturu bila bisi na dengu? Mwezi huo mmoja humweka mkaangaji nusu mwaka. Lakini awe na mpunga, tena aununue mapema kabla bei haijapanda, na hapo ndipo penye kazi. Mkopo wake wa kwanza Morjina alikuwa ameshaumaliza. Alikuwa ameomba wa pili, mkubwa zaidi, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kupewa. Kwenye pindo la sari yake alikuwa amefunga akiba yake mwenyewe, noti za taka, pesa ya kwao, elfu mbili, aziongezee juu ya mkopo apate magunia ya kutosha.

Wanawake wa kikundi cha mikopo walikaa kwa safu juu ya mikeka, uani kwa Lutfa, mwenyekiti wao. Bwana mkopo, kijana mmoja wa mjini mwenye pikipiki na kikohozi, alikaa kwenye kiti cha plastiki. Wote walitoa marejesho yao, akabaki mtu mmoja. Nafasi ya mwenzao Kohinoor ilikuwa tupu, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu.

"Basi," alisema bwana mkopo, akakohoa. "Dada Morjina, mkopo wako ninao hapa mfukoni. Lakini sheria mnaijua. Mmoja akikwama, wote mmekwama. Bila taka elfu moja na mia tano za Kohinoor, narudi nao mjini."

"Urudi nao?" Morjina aliruka. "Na mpunga wangu je? Wiki ijayo bei itakuwa juu mbinguni!"

"Dada, hata mimi hilo pengo watalikata kwenye mshahara wangu."

"Twendeni kwake," alisema Lutfa akijipangusa vumbi. "Asipotoa, tunang'oa bati moja la paa lake, tunaliuza. Si tumedhaminiana?"

Na aliyetangulia njiani alikuwa nani kama si Morjina! Tusidanganyane, alikwenda kwa furaha. Mwaka juzi mumewe alipolala hospitali, alikosa rejesho moja, moja tu, na mbele ya kikundi kizima Kohinoor huyohuyo ndiye aliyenyoosha mkono akamvua kipini cha puani. Kipini cha ndoa! "Dhamana ni dhamana, shoga," alimwambia, na watu wakacheka. Kipini kiliuzwa. Tangu siku hiyo Morjina alichomeka kijiti cha ufagio puani ili tundu lisizibe, na kila alipokigusa alimkumbuka mtu. Tena Kohinoor alizoea kupita mbele ya jiko lake amejifunika pua kwa ushungi, akisema bisi za Morjina zinanuka jasho. Eti yeye ni mtoto wa watu, babu yake alikuwa na mashamba.

Walimkuta Kohinoor amesimama mlangoni, mtoto wake wa kike kiunoni.

"Mume wangu hayupo," alisema kabla hajaulizwa.

"Tunajua hayupo," alijibu Lutfa. "Mkopo wako mumeo alimpa dalali wa kazi za Malesia, dalali akayeyuka, na yeye akakimbilia Dhaka kwa aibu. Hayo yenu. Rejesho liko wapi?"

"Sina."

"Huna? Mtoto wa watu huna?" mwanamke mmoja alimdhihaki kutoka nyuma. "Leteni ngazi!"

"Ngazi ya nini?" alisema Morjina. "Nipisheni. Mimi najua pesa za mwanamke zinalala wapi."

Alikuwa anajua kwa sababu na zake zililala hapohapo. Kila mwanamke wa Nolbari, kila anapopika wali, kabla ya kuutia mchele kwenye maji ya moto huchota konzi moja na kuitia kwenye chungu chake cha pembeni. Mume hakiulizi, mama mkwe hakigusi. Ndiyo akiba ya siku mbaya, na chini ya mchele huo ndipo noti zinapofichwa. Hata mafuriko yakija, mwanamke hubeba mtoto kwa mkono mmoja na chungu cha konzi kwa mkono wa pili.

Morjina aliingia ndani, akakiona chungu kwenye kona nyuma ya jiko. Akainama, akauzamisha mkono wote kwa nguvu, kama mtu aliyeisubiri siku hiyo miaka miwili. Kucha zake zikagonga udongo. Akapapasa. Hapakuwa na noti. Hapakuwa na mchele. Hata punje moja haikuwamo, maana chungu kilikuwa kimefutwa kwa kidole mpaka kwenye mikunjo ya chini. Akaligusa jiko. Lilikuwa baridi, na majivu yake yalikuwa ya zamani.

Alipogeuka, Kohinoor alikuwa nyuma yake.

"Usiwaambie," Kohinoor alinong'ona. "Ng'oeni bati. Ng'oeni hata mawili. Ila hili usiwaambie, Morjina. Nakuomba."

Morjina alitaka kusema neno. Alikuwa nalo, kali, amelinoa muda mrefu. Akamtazama mtoto, aliyekuwa ananyonya ncha ya ushungi wa mama yake. Akaona hasira inampanda upya, na safari hii hakujua amkasirikie nani.

"Balaa gani hili!" alisema kwa sauti ya chini. Akafungua pindo la sari.

Akatoka nje na noti mkononi, ameziinua juu kila mtu azione.

"Zilikuwa chunguni!" alisema. "Chini kabisa ya mchele!"

Loo! Uwanja ulilipuka.

"Huyu mwanamke ana roho ngumu!"

"Anatukalisha juani, kumbe amezikalia!"

"Kohinoor, huna haya?" alifoka Lutfa. "Mwenzako angekosa mkopo kwa ubahili wako!"

Kohinoor alisimama mlangoni, kichwa chini. Kukana angeweza.

"Nisameheni," alisema. "Shetani alinipitia."

Bwana mkopo alizihesabu noti, akazipokea, na palepale Morjina akatia saini, akapewa chake. Magunia ya mpunga yaliyoingia kwake jioni yalikuwa pungufu kwa gunia moja. Mumewe alipouliza, alimjibu kwamba bei imepanda, akampa mgongo. Moyoni alijiita mjinga mara nyingi. Kumsamehe hakuwa amemsamehe.

Mchele wa kwanza ulipokuwa tayari kukaangwa, Morjina aliwasha moto asubuhi na mapema. Moshi haujatulia, akaona mtu ameingia uani na mtoto kiunoni.

"Umenifanya mwizi kijiji kizima," alisema Kohinoor.

"Ulitaka niwaambie nini?"

Kohinoor alisogea karibu na moto. Akamketisha mtoto kwenye gunia tupu, akampa konzi ya bisi zilizobaki kwenye ungo bila kuomba ruhusa, kisha akajifunga ushungi kiunoni.

"Mchele wa kupasha uko wapi?"

"Wewe si husema bisi zangu zinanuka jasho?"

"Zinanuka. Leo zitanuka la wawili. Mchele uko wapi?"

Chungu cha kwanza Kohinoor alikiunguza. Cha pili akaunguza nusu, na Morjina akamtukana vizuri, matusi ya miaka miwili, bila kupumzika. Kohinoor aliyapokea yote huku anapasha mchele. Kufika adhuhuri walikuwa wamejaza magunia ambayo Morjina peke yake angeyajaza kwa siku mbili. Wakapatana: rejesho la kila wiki litatoka kwenye kazi, na ile elfu moja na mia tano itakatwa polepole. Ujira wa siku ile ulikuwa mchele, kwenye kitambaa.

Baadaye Morjina alichukua ndoo kwenda kisimani. Njia inapita nyuma ya nyumba ya Kohinoor, na ukuta wake ni wa mianzi tu. Alisikia kuni zinaalika na maji yanachemka. Kisha akasikia mchele, konzi moja, ukianguka ndani ya chungu kitupu. Alisimama pale na ndoo yake mpaka sauti ile ilipokwisha, halafu akaenda kuteka maji.